Sauti Nene kwenye Rafu ya Wanaume

Habari ilinikuta jikoni nikimenya ndizi za jioni. Aliyepiga simu alikuwa binti wa kaka wa marehemu. Alisema, “Mzee, senge ametuacha,” halafu akanyamaza, nadhani kwa sababu hakujua kama mimi ni mtu wa kulia naye au ni mtu wa kupashwa habari tu. Senge kwa Wasamia ni shangazi, dada wa baba. Namba yangu, alisema, aliikuta imeandikwa kwa chaki ukutani juu ya meza ya marehemu, bila jina, na alikuwa akijaribu kila namba iliyokuwa pale. Nilimpa pole, naye akanipa pole. Nikarudi kwenye ndizi zangu kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuzianza, nikazipika, nikazipakua, kisha nikazitazama mpaka zikapoa. Tangu mke wangu afariki nimezoea kula peke yangu, lakini jioni ile nyumba ilinizidi ukubwa.

Ninyi mnaosoma safu hii mnajua kwamba sina desturi ya kutaja majina ya watu. Wengine mmenilaumu kwa hilo, mkisema mzee huyu anaogopa kushtakiwa. Huyu wa leo nitamwacha bila jina pia, ingawa mtaona huko mbele kwamba kukosa jina ndiko kulikomponza. Alikuwa mkutubi. Katika miaka ya sitini alitunza maktaba ndogo mjini Tororo, na kazi yake ilikuwa kukiweka kila kitu mahali pake. Yeye mwenyewe sikumbuki mahali palipomtosha.

Hata kaburi lake lilizua mjadala. Nilifika kwao Samia, upande wa Kenya, nikakuta wazee wa ukoo wamekaa tangu asubuhi wakiulizana atalazwa wapi. Hakuolewa. Kwa mila ya kule, binti hazikwi ndani ya boma la baba yake, maana boma lake linatakiwa liwe la mumewe, na mume huyo hakuwahi kuwepo. Vijana walitaka alazwe karibu na mama yake, mambo yaishe. Wazee walitaka alazwe nje ya ua. Mwishowe walikubaliana kwenye mstari wenyewe wa ua: wakang'oa vichaka vya upande mmoja, wakachimba hapo hapo, ndani si ndani, nje si nje, na kila upande ukaona umeshinda. Mimi nilicheka. Mama mmoja aliyesimama karibu nami alinigeukia kwa jicho kali, na sikuweza kumweleza. Nilikuwa nimekwisha kumwona marehemu akiwekwa katikati hivyo hivyo, zamani, akiwa hai, na kosa lake lilikuwa sauti.

Wakati huo mimi nilikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Tororo, kijana mwenye suruali moja nzuri. Jumapili niliimba kwaya. Kwaya ya kanisa letu iligawanywa mafungu manne kama kwaya zote: sauti ya kwanza na ya pili ni wanawake, ya tatu na ya nne ni wanaume. Kanisani nako wanawake walikaa kulia na wanaume kushoto, na katikati palikuwa na njia ya kwendea madhabahuni. Yeye alipojiunga nasi alipangwa sauti ya pili, kwa kuwa alikuwa mwanamke na aliomba apewe ya chini. Haikumtosha. Sauti yake ilianzia mahali ambapo wanawake wengine waliishia. Haikuwa na mkwaruzo wala ubabe. Ilikuwa nene tu, kama uji wa wimbi uliopikwa na mtu asiye na haraka. Wenzake walilalamika kwamba anawavuta shimoni. Mwalimu wa kwaya, mtu wa kutafuta amani, akamhamishia kwetu, sauti ya tatu, na Jumapili hiyo tuliimba vizuri kuliko tulivyowahi kuimba. Baada ya ibada wazee wa kanisa walimwita mwalimu. Hawakuwa na neno na sauti. Neno lao lilikuwa juu ya benchi. Mwanamke hakai kwenye mabenchi ya wanaume.

Basi Jumapili iliyofuata tulikuta kiti kimoja cha mbao kimewekwa katikati ya njia, baina ya sauti ya pili na ya tatu. Hicho ndicho kilikuwa chake. Waliokwenda kupokea meza ya Bwana walilazimika kukizunguka, na mji mzima ukaanza kumwita mama wa kiti, ingawa hakuwa na mtoto. Mimi nilikaa mwisho wa safu ya wanaume, upande wa njia, kwa hiyo kati yangu na kiti chake hapakuwa na mtu. Mazoezi yakiisha, wanawake waliondoka kwa kundi lao wakicheka, sisi tukaondoka kwa letu, naye akabaki nyuma akikusanya vitabu vya nyimbo ambavyo hakuna aliyemwagiza avikusanye. Nikaanza kuchelewa makusudi. Hivyo ndivyo tulivyofahamiana.

Maktaba yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, na ofisi nyuma yake. Baada ya uhuru, wazungu waliokuwa wakirudi kwao waliacha vitu ambavyo hawakutaka kuvisafirisha, na maktaba ikarithi gramafoni, masanduku ya santuri na rundo la karatasi za muziki. Alinialika nimsaidie kubeba, nami nikawa napitia pale kila nikitoka stesheni, hata mizigo ilipokwisha. Nilidhani kupanga muziki ni kufuata alfabeti basi. Alinicheka. Akanionyesha kitabu kinene cha namba kilichotoka ng'ambo, ambamo mambo yote ya duniani, kuanzia Mungu hadi ufugaji wa nyuki, yamepewa namba zao. Muziki una fungu lake. Ndani ya fungu hilo ala zimetengwa na sauti za watu. Ndani ya sauti kuna za wanawake, za watoto na za wanaume, na tena kila moja ina ya juu, ya kati na ya chini. Mwisho kabisa pana mahali pa sauti nyinginezo, zile ambazo mpangaji hajui azipeleke wapi. “Hapo sipeleki kitu,” aliniambia. “Nyinginezo ni kaburi la mkutubi mvivu.”

Nilimwuliza, kwa kejeli ya kijana wa siku zile za bendera mpya, kama ni lazima mzungu atupangie hata koo zetu. Nilitegemea atanikubalia, maana sote tulizungumza hivyo. Hakunikubalia. Aliweka kidole kwenye mstari mmoja wa kile kitabu, akaniambia nisome. Palikuwa na sauti za wanawake, za chini. Mtu fulani asiyejua Tororo iko wapi alikaa mezani kwake akakiri kwamba wapo wanawake wenye sauti ya chini, na kwamba hao ni wanawake, akawapa namba yao. Sijawahi kumwona mtu akifurahia namba namna ile. Aliandika kibandiko, akakibandika kwenye ubao wa rafu, akakisugua kwa kidole gumba hadi kikashika.

Katika masanduku yale ilipatikana santuri moja tu ya fungu hilo. Kwenye jalada palikuwa na picha ya mama wa kizungu mwenye mabega mapana. Alinipigia jioni moja. Sikuelewa lugha yake, wala hadi leo sijui mama yule alikuwa analalamikia nini, lakini sauti ilikuwa ya chini na imetulia, na vinanda vyote nyuma yake vilimsubiri amalize. Mkutubi alisikiliza akiwa amesimama. Ilipokwisha alisema, “Msikie. Huyu hawakumpa kiti.” Akaiweka rafuni, akaacha nafasi pana kando yake, wakati rafu nyingine zote vitabu vilibanana kama abiria wa daraja la tatu. Nilimwambia anapoteza ubao. Alinijibu kwamba rafu isiyoachwa nafasi ni ya mtu asiyetegemea mgeni. Nilijua ni mgeni gani aliyemtegemea, na alijua kwamba najua.

Nafasi hiyo ilikaribia kupata mwenyewe. Alikuja bwana mmoja kutoka Kampala na mashine ya kunasa sauti inayotumia betri ya gari, akazunguka Mella, Mwello na Busia akikusanya nyimbo za wenyeji kabla hazijasahaulika. Nakala za kanda zake zilikuwa ziwekwe kwenye maktaba yetu. Watu wengi walimwimbia nyimbo za harusi na za pombe. Mkutubi alimwambia kwamba yeye anao wimbo wa kusaga, ambao mama yake aliusagia wimbi hadi alipofariki, lakini hauimbiki bila jiwe. Basi Jumamosi moja tukapanda basi hadi Busia, nyumbani kwa shangazi yake upande wa Uganda, ambako jiwe la kusagia lilikuwapo bado. Mimi sikuwa na kazi yoyote katika safari hiyo. Aliniambia tu, “Twende, nisiwe peke yangu,” nami nikavaa ile suruali.

Alipiga magoti mbele ya jiwe, akatia wimbi kiganja kimoja, akaanza. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kanisani alikuwa akiibana sauti. Pale hakuibana. Wimbo wenyewe ni wa mama anayelibembeleza wimbi lisikasirike kwa kusagwa, kwa kuwa na yeye pia anasagwa, na mwisho wa yote, wawili hao watakuwa chakula cha watoto. Alitueleza baadaye kwamba ile ilikuwa sauti ya mama yake hasa. Wanawake wa upande wa mama yake waliimba hivyo wote, na hakuna aliyewaona wa ajabu, maana jiwe la kusagia halina upande wa kulia wala wa kushoto. Katikati ya ubeti wa pili vumbi la unga lilinipanda puani, nikakohoa kwa nguvu. Bwana wa mashine alinikazia macho. Mkutubi hakusita wala hakuinua kichwa, aliendelea hadi wimbi likaisha jiweni. Bwana akaridhika, akaandika juu ya kasha: Busia, wimbo wa kusaga. Jina la mwimbaji hakuliandika. Watu wa kazi ile siku hizo waliandika vijiji, kana kwamba vijiji ndivyo vilivyofungua vinywa.

Nakala zilipofika Tororo zilifuatana na mkaguzi aliyetumwa kusimamia namna zitakavyopangwa. Hakuwa mgeni wa mambo yetu, na hapo ndipo palipoharibika. Angekuwa mzungu angeandika kwamba ni mwanamume kwa kutojua tu, nasi tungemsahihisha. Huyu alikuwa mtoto wa huku huku, aliyelelewa na mama aliyesaga, na alijua vizuri kwamba mwanamume hasagi. Alivaa visikilizio, akasikia jiwe, akasikia sauti nene, akafikiri kidogo, halafu akaangua kicheko hadi akavua miwani. Kwa akili yake, huyo alikuwa mlevi fulani wa Busia aliyepiga magoti kwenye jiwe la mkewe ili awachekeshe wenzake waliokuwa wakinywa. “Huyu mwanaume nachekesha sana,” alisema. “Nasaga kabisa kama mama.” Akaamuru kanda iwekwe kwenye sauti za wanaume, za kati, pamoja na nyimbo za mzaha.

Nilikuwapo, nimepitia kama kawaida yangu. Nilimwona mkutubi akishika ukingo wa meza. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba mwimbaji ni yeye. Mkaguzi alicheka tena, safari hii kwa upole, kama mtu aliyefurahia utani wa mwenzake, kisha akaona kwamba hatanii. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, “Basi imba kidogo, dada. Imba sisi tusikie, tutabadilisha sasa hivi.” Makarani wawili walikuwa wamesogea mlangoni, wakisubiri kama watu wanaoitwa kuona ndama mwenye miguu mitano. Ubeti mmoja ungetosha. Ilikuwa sauti yake, wimbo wa mama yake, na ile nafasi kwenye rafu ilikuwa hatua chache tu nyuma yake. Akasema, “Mama hakuniachia wimbo huu niutumie kama kipande cha kujitambulisha. Sitaimba ili niaminiwe.” Akaichukua kanda, akaiandika namba aliyoambiwa, akaipeleka kwa mkono wake mwenyewe kwenye rafu ya wanaume.

Nilimsindikiza jioni ile. Nikamwambia kwamba asubuhi nitakwenda kwa mkaguzi nimshuhudie: nilikuwepo Busia, hata kikohozi changu kimo ndani ya kanda. Alikataa. “Ukinisemea, nitakuwa mwanamke kwa neno lako,” alisema. “Acha.” Nikaacha. Tulipofika langoni kwake alisema jambo ambalo nimelibeba hadi leo: kwamba kitabu kilichoungua kina nafuu kuliko kitabu kilichowekwa rafu isiyo yake. Kilichoungua, watu wanajua hakipo, watakisikitikia, pengine watanunua kingine. Kilichokosewa rafu kimo humo ndani, kizima, kinafutwa vumbi kila wiki, na kila anayekiulizia anaambiwa hakuna. Nilitaka kumwuliza kama bado tunazungumza juu ya kanda. Aliniaga, akaingia ndani.

Baadaye nchi zenyewe zikaanza kupanga rafu. Mwanzoni mwa miaka ile mtu wa Busia alivuka mpaka kufuata ng'ombe au kusalimia mkwe bila kufikiri kwamba amevuka kitu. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo tukazoea kuulizwa maswali. Wasamia wako pande zote mbili, na Wateso vivyo hivyo, kwa sababu waliokata mpaka walikata kwanza, kuuliza wakaona si lazima. Baba yake alikuwa na boma Kenya, shangazi yake alikuwa na jiwe lake Uganda. Siku moja tulikuwa pamoja Malaba, alikokwenda kupokea mzigo wa vitabu, na askari wa kizuizini akamwuliza ni wa wapi. Akasema, “Wa Busia.” Askari akauliza, “Busia gani?” Lilikuwa swali la haki, maana Busia ni mbili, moja huku na moja kule. Yeye alitazama upande huu, akatazama upande ule, hata waliokuwa nyuma yetu wakaanza kunung'unika. Askari alichoka akampungia mkono apite. Haukupita muda akaambiwa kwamba kazi yake inahitaji mtu wa Uganda. Alifuta vumbi rafu zote, akakabidhi funguo, akavuka na sanduku moja kwenda kwa baba yake. Mimi nami nikahamishiwa stesheni ya mbali.

Msinielewe vibaya. Sidai kwamba tuishi bila mafungu. Nimepanga mizigo maisha yangu yote ya kazi, na najua gunia lisiloandikwa liendako litaozea ghalani. Na yeye angekuwa wa kwanza kunikemea kama ningesema tukichome kile kitabu cha namba, kwa kuwa kitabu hicho ndicho kilichompa nafasi ambayo kanisa lake lilimnyima. Namba ilikuwapo. Kibandiko kilikuwapo, amekisugua mwenyewe. Hata hivyo mtu mwenye masikio mazuri na elimu ya kutosha aliona wepesi kumbuni mlevi ambaye hajawahi kuishi kuliko kumwamini mwanamke aliyesimama mbele yake. Nikisikia vijana wa leo wakilaumu karatasi na kompyuta kwa kila kitu, huwa nawauliza ni nani aliyeshika kalamu.

Nilioa, nikalea watoto, nikastaafu. Kila nilipopita Busia ya Kenya nilikwenda kumwona sokoni, alikokuwa na meza ya vitabu vya shule vilivyokwisha kutumika. Aliipanga meza ile kwa mfumo wake wa namba, mahali ambapo hapakuwa na mteja hata mmoja aliyejua namba hizo, na wanunuzi walipoivuruga aliipanga upya bila kulalamika. Tulikunywa chai. Nilimwuliza kama amepata kitabu cha ufugaji wa nyuki, naye akaniuliza kama ile suruali bado inanitosha. Kwaya hakurudia. Kanisani alikaa nyuma kabisa, upande wa wanawake, na nyimbo zilipoanza alifungua kitabu akafuata kwa macho. Nilipomwuliza sababu, alisema amestaafu kiti. Nilicheka kwa kuwa alitaka nicheke, nikarudi nyumbani na huzuni ambayo mke wangu aliiona, akaniuliza, nikasingizia uchovu wa safari. Leo nitasema wazi kwa kuwa hakuna wa kuumia: nilimpenda mtu huyu. Hakuwa mchumba wangu, hatukuwa ndugu, wala hatukufanya kazi moja, na neno rafiki siku zile halikukaa kati ya mwanamume na mwanamke bila watu kuguna. Sijui niseme alikuwa nani kwangu. Najua tu kwamba hakuna mtu mwingine ambaye ningependa kumhadithia mazishi yake.

Kwa hiyo baada ya mazishi sikupanda gari la kurudi nyumbani. Nilivuka mpaka nikaenda Tororo. Nilitaka kumsikia. Maktaba ipo, imepakwa rangi nyingine, na binti anayeitunza alinipokea vizuri, akaniletea kiti. Nilimwomba wimbo wa kusaga wa Busia, sauti ya mwanamke, ya chini. Kanda za zamani zimehamishiwa kwenye kompyuta. Alitafuta, akasema hakuna. Katika fungu hilo hamna kitu hata kimoja, na santuri ya yule mama wa kizungu ilivunjika zamani. Asiyekuwepo na lake halipo. Nilikaa pale nikitazama mikono yangu. Nilijua niseme nini ili nimpate, na nilichukia kukisema. Lakini nimebaki peke yangu na sina subira niliyokuwa nayo. Nikasema, “Basi tafuta mwanamume. Nyimbo za mzaha.” Akampata mara moja.

Lilianza jiwe, kisha yeye. Sauti haikuwa imezeeka hata kidogo. Mimi ndiye niliyezeeka nikiwa nje yake. Binti wa maktaba alikuwa ametabasamu tayari, kwa sababu kompyuta ilimwambia ni mzaha, halafu tabasamu likamtoka polepole. Kwenye ubeti wa pili kijana mmoja akakohoa kwa nguvu. Binti akaniuliza ni nani huyo anayeharibu. Nikamwambia ni mimi, na nikalia mbele yake bila aibu, mzee mzima. Halafu nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Alisema kumbukumbu inaweza kusahihishwa akipatikana mtu aliyekuwepo. Marehemu aliniambia nisimsemee, silisahau hilo. Lakini aliponikataza alikuwa hai, na aliye hai anaweza kuchagua kunyamaza. Aliyekufa hachagui. Hunyamazishwa na sisi tuliobaki.

Kama mnanidai somo, ni hili tu nililonalo. Mtu akikosa kutosha mahali ulipompangia, usiharakishe kumletea kiti cha njiani. Rudi kwanza utazame rafu, kwa kuwa pengine nafasi yake iliachwa zamani na mtu mwenye busara kuliko wewe, na wewe ndiye uliyeipita ukicheka.

Binti alifuta mwanamume, akaandika mwanamke. Akafuta mzaha. Akaniuliza jina la mwimbaji, nikamtajia, na hilo ndilo jina pekee ambalo nimelitaja kwa sauti mwaka huu. Kisha akasema anahitaji kuandika na shahidi. “Na wewe mzee, ni nani yake?” aliuliza. “Hapa iko kaka, iko bwana, iko mtoto. Mimi naweka gani?”

Nilimwambia kwamba nilikaa mwisho wa safu ya wanaume, karibu na kiti chake. Alitazama kompyuta yake, akanitazama mimi, akasema kwa huruma kwamba hiyo haina mahali.

“Najua, binti yangu,” nikamwambia. “Niweke kwenye nyinginezo.”